Samurai, Kisasi na Hip Hop: Maswali na Majibu ya Marudio

Swali la 1. Taja anime mbili zilizochanganya samurai na hip hop. (Alama 4)

Samurai Champloo (2004), vipindi 26, iliyoongozwa na Shinichiro Watanabe. Nujabes ni mmoja wa waliotunga muziki wake. Afro Samurai (2007), vipindi 5, iliyotokana na manga ya Takashi Okazaki. Studio ni Gonzo, muziki ni wa RZA wa Wu-Tang Clan, na sauti ya Afro ni ya Samuel L. Jackson.

Wengi huandika kwamba zote mbili ni hadithi za kisasi. Sivyo. Katika Champloo, msichana Fuu anamtafuta babake. Miongoni mwa wenye kisasi ni wale wanaomwinda mwenzake, samurai Jin, kwa sababu alimuua mwalimu wake.

Swali la 2. Eleza jinsi Afro Samurai inavyojenga kisasi. (Alama 10)

Hapa ndipo alama zilipo, kwa hivyo usiharakishe. Mtoto Afro anamwona babake, mwenye utepe wa kichwani wa Nambari Moja, akiuawa na Justice, aliyekuwa Nambari Mbili. Sheria ya utepe ni hii: Nambari Mbili anaweza kupingwa na yeyote, lakini Nambari Mbili peke yake ndiye anayeruhusiwa kumkabili Nambari Moja. Afro akitaka kumfikia muuaji wa babake, hana budi kuutwaa utepe wa pili kwanza. Na aliyeuvaa ni mwalimu wake mwenyewe, mtu aliyemlea.

Anamuua. Wanafunzi wenzake wanaangamia usiku huohuo. Jinno, rafiki yake wa utotoni, ananusurika na kurudi baadaye akiwa amevaa kichwa cha dubu, naye anadai damu. Kwa hivyo aliyedhulumiwa mwanzoni sasa anadaiwa. Katika filamu ya 2009, Afro Samurai: Resurrection, dadake Jinno, Sio, anaendeleza deni hilo. Jibu linalosimulia mapigano pekee, bila kuonyesha deni likihama kutoka mkono hadi mkono, halipiti alama 4.

Swali la 3. Kwa nini hip hop iliingiana na hadithi hizi? (Alama 6)

Kwa sababu ya namna inavyoundwa. Prodyusa hukata kipande cha rekodi ya zamani, akakirudia, akakiwekea ngoma nzito chini yake. Mwaka 1993 Wu-Tang Clan walitoa albamu yao ya kwanza ikiwa na maneno yaliyokatwa kutoka filamu za kung fu za Hong Kong. RZA alikuwa ameuzoea upanga miaka mingi kabla ya kumfikia Afro.

Mwanafunzi wa Nakuru ana mfano wa karibu: DJ Afro, msimulizi wa filamu. Kwenye video sho, sauti ya Kichina au Kiingereza inashushwa, yake inapanda, na shujaa anaitwa mukombozi. Picha ni ya wengine, maneno ni ya hapa. Nauhesabu ufundi huo kuwa ndugu wa kazi ya RZA, na mtahini makini atakubali ukiueleza vizuri. Kwa upande wa rapa, wataje Kalamashaka wa Dandora na Ukoo Flani Mau Mau.

Swali la 4. Je, Yasuke afaa kutajwa? (Alama 2)

Ndiyo, kwa historia: Mwafrika aliyemtumikia Oda Nobunaga, 1581 hadi 1582. Anime yenye jina lake ilitoka 2021, muziki ukiwa wa Flying Lotus.

Swali la 5. Husisha kisasi cha Afro Samurai na historia ya Bonde la Ufa. (Alama 8)

Andika kwa uangalifu, maana walioyapitia wako hai na pengine mnakaa nyumba moja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mauaji yalianza sehemu za kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa tarehe 1 Januari 2008. Mwishoni mwa mwezi huo, Nakuru na Naivasha zililipuka kwa kisasi. Waliokuwa wakishambuliwa Naivasha hawakuwa waliochoma Kiambaa. Walilipishwa damu kwa sababu ya majina yao. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Tofauti nayo ina alama. Afro anamjua Justice kwa uso na anamfuata yeye. Mwaka 2008 kisasi hakikumtafuta mkosaji. Kilimshika jirani aliyepatikana karibu. Kwa Okazaki, deni la damu lina jina na utepe. Kule Naivasha, deni hilo halikuwa na jina la mtu.