Mwenye Kununua na Mwenye Kumiliki

Wasomaji wetu wa mjini wanajua, kwa kurithi kwa wazee, ya kwamba mwenye kuuza yampasa aseme alichonacho, na mwenye kununua yampasa atoe thamani yake. Muuzaji wa vitambaa akificha tundu ndani ya mkunjo, mnunuzi alikuwa na haki ya kurudisha kitambaa na kupokea fedha zake, wala hapakuwa na mtu sokoni wa kumtetea muuzaji. Na kitu kikishatoka dukani, mwenye duka hakuwa na njia tena ya kukigusa. Somo letu la leo lahusu bidhaa za zama zetu ambazo hazifuati mwendo huu, nazo ni simu, vitabu vya kusomwa kwa mashine, na mitandao ambayo wengi wetu twaitumia tangu alfajiri hatta usiku.

Tuanze na kisa cha Julai 2009. Kampuni ya Amazon ya Marekani huuza chombo kiitwacho Kindle, ambacho mtu husomea vitabu bila ya karatasi. Watu waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell walifungua vyombo vyao wakakuta vitabu havimo. Kampuni ilikuwa imevifuta kutoka mbali, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. (Kimoja katika vitabu hivyo chasimulia dola inayofuta maandishi ya kale, waliocheka walicheka kwa uchungu.) Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Hayo ni mema. Lakini swali likabaki pale pale: ni nani aliyempa muuzaji ufunguo wa kuingia katika kabati ya mtu na kutoa kitabu?

Jibu ni kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye aliyempa, bila ya kujua. Hakununua kitabu, bali alinunua ruhusa ya kukisoma. Masharti ya ruhusa hiyo yameandikwa kurasa nyingi kwa lugha ya mawakili, na chini yake pana kitufe kimoja tu cha kukubali. Asiyekubali hapati kitu. Sisi hatuoni kuwa hayo ni maafikiano, kwani maafikiano hutaka watu wawili wenye kufahamu wanalolisema, na hapa afahamuye ni mmoja.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, nacho chataka tukitazame kwa insafu. Betri ya simu huchakaa kama kiatu kichakaavyo. Ikishachakaa hushindwa kutoa nguvu nyingi kwa ghafula, na simu huzimika mtu akiwa katikati ya mazungumzo. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilipeleka katika simu zake za iPhone programu mpya, ambayo ndani yake mlikuwa na dawa ya maradhi hayo: simu yenye betri kuukuu ipunguzwe mwendo, isije ikazimika. Kwa upande wa ufundi, dawa hiyo ina maana, wala hatuwezi kuikataa. Ubaya ni kuwa mgonjwa hakuambiwa amepewa dawa gani. Mtu aliona simu yake imekuwa nzito, akadhani imezeeka, akaenda kununua nyingine kwa fedha nyingi, ilhali kilichohitajika ni betri tu.

Siri ilifichuka Desemba 2017, baada ya watu wenye kupima mwendo wa simu kulinganisha hesabu zao. Kampuni ikakiri, ikaomba radhi, na ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Februari 2020 wakuu wa Ufaransa waliitoza faini ya euro milioni 25, kwa kosa la kutowaarifu wanunuzi. Mwezi uliofuata, huko Marekani, kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 ili kumaliza madai ya wanunuzi, bila ya kukiri kosa mahakamani. Hebu tutie maanani jambo hili: Wafaransa hawakuiadhibu kampuni kwa kupunguza mwendo, bali kwa kunyamaza. Na hiyo ndiyo hukumu ambayo hatta muuza samaki wetu angaliifahamu bila ya kufasiriwa.

Hatta hivyo mnunuzi ni nusu tu ya khabari. Nusu ya pili ni mfanyakazi, naye hakai mbali, yupo Nairobi. Tangu mwaka 2019 kampuni iitwayo Sama iliajiri vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika kwa kazi ya Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama yale yanayopelekwa mtandaoni na watu waovu, mauaji, mateso na unajisi wa watoto, na kuyaondoa ili sisi tusiyaone. Ukurasa ukiwa safi, si kwamba umejisafisha wenyewe. Gazeti la Time la Marekani lilieleza Februari 2022 kuwa baadhi yao walibakiwa na kiasi cha dola moja na nusu kwa saa. Mmoja wao alishitaki Mei 2022, na mwaka 2023 wakashitaki wengine zaidi ya 180 walioachishwa kazi. Desemba 2024 zilitoka khabari za ripoti ya daktari iliyowasilishwa mahakamani, kuwa zaidi ya 140 kati yao wana maradhi makali ya akili yatokanayo na kiwewe.

Kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilijibu kuwa haikai Kenya, na kwa hivyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Yaani iko hapa wakati wa kuuza matangazo na wakati wa kufanyiwa kazi, kisha haiko hapa wakati wa kuulizwa! Mahakama ya Kazi ilikataa hoja hiyo Februari 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kuwa kampuni yaweza kushitakiwa hapa. Hukumu hizo hazikusema nani mkosa. Zilifungua mlango tu, nasi twaliona hilo kuwa si dogo, kwani kwa miaka mingi mlango wenyewe haukuonekana.

Basi na mnunuzi wa hapa kwetu ana mlango gani? Anao, ila wachache wanaujua. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kutosha, kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo, na kulipwa fidia akipata khasara kwa ubovu wake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuatia. Kwa hivyo mwenye kununua simu na aitake risiti, aiweke mahali pasipoliwa na mchwa, na amwulize muuzaji mbele ya mtu wa pili: betri ikichakaa, yabadilishwa wapi, na kwa kiasi gani? Katika darasa la juma lijalo tutakisoma kifungu hicho cha 46 neno kwa neno, na kila atakayehudhuria na alete karatasi ya masharti ya kitu kimoja alichonunua mwaka huu.