Kivinjari gani kwa telefone ya kooperative?

Somo la leo si la jembe wala la mbegu, ni la telefone. Lakini linaanzia shambani, kwenye muhogo.

Kiangazi kilichopita tulifika kwa kikundi kimoja tukakuta mistari sita ya muhogo imekwisha kung'olewa na kuchomwa. Wanamemba waliona majani machanga yamekunjamana na kuwa njano, wakafungua intaneti, wakalinganisha na picha, wakasema: ni mozaiki hii. Na mozaiki inang'olewa, sisi wenyewe ndio tuliwafundisha vile. Tulipogeuza majani ya mistari iliyobaki, tukaona nukta ndogo ndogo za njano, kama zimechomwa na sindano, na chini yake vidudu vidogo vya kijani, ndugu za kupe. Muhogo ulioshambuliwa na vidudu hivi wakati wa jua mara nyingi unachipuka tena mvua ikirudi. Ile mistari sita haikustahili moto.

Tukaomba tuone picha waliyoitazama. Ilikuwa kama imepakwa matope: baka moja la njano, bila mishipa ya jani, bila nukta. Mozaiki na vidudu vilikuwa sura moja. Telefone ilikuwa inatumia Opera Mini, imewekwa kwenye kiwango kikali kabisa cha kuokoa mega. Nani aliwaambia waweke vile? Ni sisi. Tulisema mega za kooperative ni pesa za wanamemba, musizitupe. Hatukusema kuokoa kule kunakata nini.

Basi tuanze tena. Watu wengi wanasema "ninaingia Google". Google ni yule unayemuuliza njia. Kivinjari ni programu unayopitia ili kufungua ukurasa: Chrome, Firefox, Opera Mini na nyingine. Vyote vinapatikana bure, na telefone moja inaweza kubeba viwili au vitatu bila kugombana. Ile Chrome muliyoikuta ndani ya telefone muliponunua, hakuna sheria inayowafunga nayo.

Opera Mini inatoka Norvege na iko tangu 2005. Kazi yake iko hivi: katika kile kiwango kikali, telefone yako haiendi moja kwa moja kwenye ukurasa. Inatuma ombi kwa mashine za Opera, mashine zile zinafungua ukurasa, zinaukamua, na kukutumia kilichobaki. Ni kama kutuma mtu sokoni akuletee kahawa iliyokwisha kukobolewa: mzigo unakuwa mwepesi, unafika hata pale rezo inapochechemea. Kwa kusoma habari, bei au hali ya hewa, ni nzuri sana, na tunaendelea kuishauri.

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza mumekwisha kuliona, ni picha. Kama muko munatafuta ugonjwa wa mmea, ingieni katika mipangilio ya Opera Mini, pandisheni ubora wa picha, ao mufungue ukurasa ule katika kivinjari kingine. Mega mutakazopoteza kwa picha tatu safi haziwezi kulingana na mstari mmoja wa muhogo. La pili ni siri. Kwa sababu katika kiwango kile mashine ya katikati ndiyo inafungua ukurasa, inaweza kuona unachoandika ndani. Kwa kusoma bei ya kahawa, haidhuru. Kwa kuandika neno la siri la imeli ya kooperative, hapana.

Chrome inafungua ukurasa kama ulivyo, na picha zake zote. Zamani ilikuwa na namna yake ya kupunguza mega, lakini Google iliiondoa mwaka 2022. Tunakutana bado na masekretere wanaoamini Chrome inawaokolea mega. Ile habari imekwisha. Kitu tunachokipenda kwake ni kuhifadhi ukurasa. Siku ya soko, pale mjini rezo iko nzuri, fungua ukurasa, bonyeza nukta tatu za juu, kisha mshale unaotazama chini. Ukirudi kijijini utausoma mbele ya mkutano bila mega hata moja.

Firefox ni ya Mozilla, ambayo iko chini ya shirika lisilotafuta faida. Kwenye telefone za Android inakubali kuongezewa programu ndogo kama uBlock Origin, inayozuia matangazo. Wengi hawajui kwamba matangazo yale ya viatu na kubeti yanakula mega zenu, wakati ninyi munatafuta tu kujua kama kesho itanyesha. Ubaya wake: telefone yenye memori kidogo inachoka nayo.

Kabla ya kuchagua, tazameni telefone yenyewe. Ndani ya mipangilio, sehemu inayoeleza habari za telefone, mutaona namba ya Android. Chrome mpya haikubali tena Android 5, 6 wala 7. Na telefone iliyo chini ya Android 7.1 inaweza kukataa kurasa nyingi ikisema haziaminiki, hata kama hazina ubaya, kwa sababu orodha yake ya vyeti imezeeka. Firefox inakuja na orodha yake yenyewe, kwa hiyo mara nyingine inafungua pale Chrome imekataa. Lakini mbele ya kulaumu kivinjari, tazameni tarehe. Betri ikifa kabisa, telefone nyingine zinarudi nyuma miaka mingi, na hapo kila ukurasa unakuwa "hatari". Tumewahi kutembea nusu siku kwenda "kutengeneza intaneti" ya kikundi, na kazi yenyewe ilikuwa kurekebisha tarehe. Dakika moja.

Kwa telefone ya kooperative tunashauri vivinjari viwili: Opera Mini kwa kusoma, na Chrome ao Firefox kwa picha za magonjwa na kwa kila kitu kinachoomba neno la siri. Vichukueni Play Store tu. Ile programu inayopitishwa kwa Bluetooth ao kwa kadi ya memori, hamujui nani aliigusa mbele yenu, na inaweza kubeba mwizi ndani.

Telefone ile inapita mikononi mwa watu wengi: prezida, sekretere, wakati mwingine mtoto wa sekretere. Kwa hiyo kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, jibuni hapana. Dirisha la siri linasaidia, kwa sababu ukilifunga halibakizi kumbukumbu ndani ya telefone. Ila musidhani linawaficha mbele ya kampuni ya rezo. Na namba ya siri ya M-Pesa ao Airtel Money inaandikwa katika menyu ya nyota ao katika programu ya kampuni yenyewe. Ukurasa wowote unaoiomba ili "kuwatumia zawadi", ufungeni, hata kama una rangi na alama za kampuni.

Swali moja linarudi katika kila mkutano: kivinjari gani kinakula kidogo? Pimeni wenyewe. Katika mipangilio, sehemu ya data, telefone inaonyesha kila programu imekula mega ngapi. Andikeni namba, fungueni ukurasa uleule wa hali ya hewa katika Opera Mini, kisha katika Chrome, mutazame tena. Andikeni matokeo katika daftari la kooperative, pembeni ya bei ya forfe, ili mweka hazina ayaone.

Kile kikundi cha muhogo kilifanya vile. Sasa picha za majani wanazifungua katika Chrome, na bado wanageuza jani lenyewe kutazama chini yake. Mistari sita ilipandwa tena mvua ilipoanza, na miti ya mbegu waliyoomba kwa jirani.