Nimonia kwa Mtoto: Vidonge Badala ya Sindano
Kijitabu cha elimu kwa wazazi na walezi wa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, na mitaa jirani

Mtoto anakohoa, anapumua mbio, na kifua kinabonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi. Umepanga foleni tangu asubuhi. Daktari anampima, anamwandikia vidonge vya amoksilini, kisha anakuruhusu urudi naye nyumbani. Wazazi wengi huondoka wakinung'unika: "Hata sindano hawakumdunga!" Kijitabu hiki kinaeleza kwa nini vidonge hivyo ni tiba kamili, na kazi inayokusubiri nyumbani.

Zamani ilikuwaje?

Mtoto mwenye dalili hizo alilazwa na kudungwa penisilini kila baada ya saa 6. Wodi zilijaa, watoto waliumia, na mama anayetegemea kibarua cha kila siku alikosa riziki akiwa kitandani na mwanawe.

Nani alithibitisha kuwa vidonge vinatosha?

Dkt. Ambrose Agweyu, daktari wa watoto na mtafiti wa mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Trust, pamoja na wenzake, walilipima jambo hili katika hospitali 6 za Kenya. Watoto 527, wa kuanzia miezi 2 hadi chini ya miaka 5, waligawanywa kwa kura: kundi moja likapewa amoksilini ya kumeza, jingine sindano za penisilini. Baada ya saa 48, watoto ambao tiba haikuwafaa walikuwa takriban 8 kwa kila 100 katika kila kundi. Sindano haikuishinda dawa ya kumeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na mwongozo wa kitaifa wa tiba ya watoto wa mwaka 2016 ukakubali amoksilini ya kumeza kwa nimonia isiyo kali, ikiwemo ile ya kifua kubonyea.

Mbona daktari anauliza na kuandika mengi?

Tangu mwaka 2013, hospitali kadhaa za umma, Wizara ya Afya, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Kenya na watafiti hushirikiana kukusanya taarifa za watoto waliolazwa. Faili za watoto zaidi ya 16,000 wenye nimonia, kutoka hospitali 14, zilipochunguzwa, ilionekana kuwa baadhi ya watoto walioonekana hawana nimonia kali walifariki. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopungukiwa damu na waliokonda sana. Ndiyo maana mtoto hupimwa uzito na kutazamwa viganja kama vimepauka. Nenda na kijitabu chake cha kliniki, na useme wazi dawa ulizompa tayari, hata zile za kununua dukani.

Ukifika nyumbani

- Yeyusha kidonge kwa maji safi kidogo na umpe kipimo ulichoandikiwa, kwa kawaida asubuhi na jioni kwa siku 5.
- Maliza dozi hata kama amechangamka siku ya pili. Usimwekee ndugu yake masalio.
- Mnyonyeshe au mpe vinywaji na chakula mara kwa mara.
- Mrudishe siku uliyoambiwa ili aangaliwe tena.

Usingoje asubuhi

Mpeleke hospitalini mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepatwa na degedege;
- amelegea au ni vigumu kumwamsha;
- midomo au ulimi umegeuka rangi ya samawati;
- anakoroma au kutoa sauti kali akivuta pumzi ingawa ametulia;
- anazidi kupumua mbio.

Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye dalili yoyote ya ugonjwa asitibiwe nyumbani kabisa.

Kuhesabu pumzi

Mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama tumbo au kifua, na uhesabu kwa dakika nzima. Anapumua mbio akifikisha:

- 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Hujui kuhesabu? Mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako akufundishe.

Kinga

Chanjo ya nimokoko, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, hudungwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Moshi nao huumiza mapafu machanga. Hatuwezi kuuzima ule wa jaa la taka la jirani la Dandora kutoka ndani ya nyumba zetu, lakini jiko la makaa linaweza kuwashwa nje, na sigara isivutwe karibu na mtoto.

Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza:

1. Nampa dawa kiasi gani, na mara ngapi kwa siku?
2. Namrudisha lini?
3. Dalili gani zinifanye nirudi kabla ya siku hiyo?

Usipoelewa jibu, uliza tena. Ni haki yako.