Nyumba ya Kuhama: Waonyeshe Watoto wa Matulo Inavyojengwa

Mtoto wa Matulo, karibu na Webuye, amezoea nyumba ya udongo au ya matofali na mabati, iliyojengwa mahali pamoja. Ukimwambia wapo watu wanaohama na nyumba zao, atauliza: zimetengenezwa kwa kitu gani?

Inategemea mifugo na mimea ya mahali. Wamongolia hufunika fremu ya mbao kwa sufu ya kondoo iliyoloweshwa na kuviringishwa mpaka nyuzi zikashikana, ikawa nzito kama zulia na kuzuia baridi. Kondoo wengi wa kaskazini mwa Kenya wana nywele fupi, si sufu. Kwa hiyo Wagabra, Warendille na Wasomali hufunika nyumba zao kwa mikeka ya nyuzi za mimea, juu ya fito zilizopindwa. Mwenye nyumba ni mama: ndiye anayeijenga, anayeifungua na kuipakia juu ya ngamia. Siku ya kuhama, fito zilezile hufungwa ubavuni mwa ngamia, mikeka ikawekwa juu, na watoto wadogo wakapata pa kukaa.

Uende wapi kuona? Marsabit, wanakoishi Wagabra na Warendille, ni mbali mno kwa safari ya shule. Anzia Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo ulioanzishwa mwaka 1926. Panda matatu ya Webuye kwenda Kitale, na uulize nauli kabla ya kuketi, maana hupanda sikukuu zinapokaribia. Ada za serikali siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo uwe na pesa kwenye simu. Ukifika, omba uonyeshwe vifaa vya Waturkana na Wapokot, majirani zetu wafugaji.

Kama nauli ya darasa zima haipatikani, jengeni yenu uwanjani. Hilo naliona bora zaidi, kwa sababu mikono hujifunza. Kateni fito 6 mbichi, zinazopindika, kila moja mita 4. Choreni duara lenye upana wa mita 2.2 na kuchimba mashimo 12 ukingoni, kila shimo liwe na kina cha sentimita 30. Pindeni kila fito kutoka shimo moja hadi la mkabala, kisha mfunge kwa kamba ya katani pale zinapokutana juu. Zungusheni fito nyembamba kwa usawa, mkiacha mlango. Funikeni kwa mikeka mikuukuu au magunia, mkianzia chini kwenda juu, ili kila safu ya juu ilalie ya chini na maji ya mvua yateremke nje. Fito zitatoka shambani bure. Gharama ni kamba, na magunia kama hamna ya kuazima.

Isiachwe hapo ikaoza. Wapeni watoto kazi ya kuifungua, kuibeba na kuisimamisha upya upande wa pili wa uwanja, na mama mmoja wa kijiji awe msimamizi.