SOMO LA VIKUNDI: Roboti na Watoto Wetu wa Shule ya Msingi



Somo la toleo hili ni juu ya roboti. Msishtuke! Wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza mtu wa chuma wa kwenye sinema, au vitu vya shule za wenye pesa kule Nairobi. Lakini siku moja kikundi chenu kitaombwa kichange ili watoto wanunuliwe vifaa vya roboti. Je, mtajibu nini? Mkikataa bila kuelewa, mtoto anapoteza. Mkikubali bila kuelewa, pesa za kikundi zinapotea. Kwa hivyo tujifunze kwanza.

LENGO: Tukimaliza, kila mmoja aweze kueleza roboti ni nini, aweze kuongoza mchezo mmoja usio na gharama, na asaidie kikundi kuamua pesa zitoke lini.

MUDA: Saa mbili.

VITU VYA KUTAYARISHA: Fimbo, majivu, mawe kumi hivi, karatasi na kalamu, maboksi makuukuu, mabomba mawili mapya ya sindano yasiyo na ncha, na mpira mwembamba wa kuyaunganisha.

1. ONA

Roboti ni mashine inayofanya mambo matatu: inahisi, inaamua, inatenda. Wilbaro inabeba mchanga lakini haihisi kitu, kwa hivyo siyo roboti.

Sasa fikirieni mashine ya kuangulia vifaranga. Kina mama wengi mnaijua. Ndani kuna kifaa cha kupima joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 37 na nusu hivi, mashine inawasha moto wake. Likizidi, inazima. Mayai yanakaa siku 21 na hakuna mtu aliyekesha akiwasha na kuzima. Kuna mtu aliyeipa mashine amri mapema, ikazifuata. Hata zile taa za mulika mwizi zinazojiwasha giza likiingia ni hivyo hivyo. Hizi ni ndugu wa karibu wa roboti.

Basi kumfundisha mtoto roboti ni kumfundisha kazi hii: kufikiria jambo mpaka mwisho, kulikata vipande vidogo, na kutoa amri ambazo hata kitu kisicho na akili kinaweza kufuata.

Mambo haya yameshafika shuleni. Mtaala wa umilisi ulianza kutumika nchi nzima mwaka wa 2019, na unataka mtoto atende kwa mikono, asikariri tu. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha masomo ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na za sekondari. Kuidhinisha ni jambo moja, na kufika kwa mtoto wa Seme au Rusinga ni jambo lingine. Hapo ndipo kikundi kinaingia.

Tena tuna mfano wa hapa kwetu. Mwaka wa 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari ya Kisumu Girls walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaotishiwa kukeketwa. Walisafiri hadi California kuionyesha kwenye mashindano. Mwaka wa 2019 walikuwa kati ya waliofika fainali ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Hawa ni wakubwa kuliko watoto wa msingi, na walichotengeneza siyo roboti. Lakini angalieni walikoanzia. Walianza na shida ya watu, kisha wakatafuta chombo.

2. AMUA

Tukumbuke mfano wa talanta katika Injili ya Matayo, sura ya 25. Yule aliyefukia yake ardhini hakuiba kitu, lakini alilaumiwa. Mtoto anayefungua redio mbovu tukamchapa, tumefukia nini?

Tuangalie pia ni nani anaachwa nje. Mara nyingi chombo kikiletwa, wavulana wanakishika na wasichana wanaandika. Watoto wanaosaidia kuanika omena Jumamosi asubuhi hawafiki kabisa. Mkipanga saa, wafikirieni hao kwanza.

Wengine wanasema, "Roboti zitakula kazi zetu." Ni kweli kuna kazi ambazo mashine inachukua. Lakini mashine ikiharibika anaitwa fundi, na mtoto asiyejua inavyofikiri hataitwa.

3. TENDA

Hatua ya kwanza: Mchezo wa mtumbwi. Hauna gharama. Choreni ardhini kwa majivu miraba 25, tano kwa tano. Mtoto mmoja ndiye mtumbwi. Anasimama mraba wa kona, upande wa nchi kavu, uso ukielekea ziwani. Omena (weka kopo) ziko safu ya tatu kutoka kwake kwenda kulia, mraba wa nne kwenda mbele. Amri ni nne tu: Mbele, Geuka kulia, Geuka kushoto, Chukua. Watoto wengine waandike amri zote kabla mtumbwi haujasonga:

Mbele 3. Geuka kulia. Mbele 2. Chukua.

Sasa wekeni jiwe moja kwenye njia, mraba wa tatu wa safu ya kwanza. Hilo ni gugu maji. Amri za zamani zitagonga! Waandike upya: Mbele 1. Geuka kulia. Mbele 2. Geuka kushoto. Mbele 2. Chukua.

Mtumbwi ukipotea, asichekwe mtoto. Ulizeni, "Ni amri gani iliyokosea?" Swali hilo ndilo somo lenyewe. Wakizoea, ongezeni amri ya kuhisi: "Ukikuta jiwe, geuka kulia."

Hatua ya pili: Mkono wa boksi. Unganisheni mabomba mawili ya sindano kwa mpira uliojaa maji, bila hewa ndani. Ukisukuma moja, la pili linatoka. Lifungeni kwenye mkono wa boksi, nao utainuka. Ikiwa bomba moja ni jembamba na lingine ni nene, sukuma lile jembamba: lile nene litasogea kidogo, lakini kwa nguvu zaidi. Lori la mchanga linapoinua tumbo lake linatumia njia hiyo hiyo, ila kwa mafuta.

Hatua ya tatu: Fundi awe mwalimu. Mwiteni fundi redio wa sokoni kwenu, au fundi wa jua kali kama wale wa Kibuye. Mota ndogo ya kaseti iliyokufa, betri za tochi na waya vinatosha kuzungusha gurudumu lililokatwa kwenye patapata kuukuu. Watoto wanaounda magari ya waya wako tayari nusu ya safari.

Hatua ya nne: Kompyuta, ikiwa ipo. Kuna programu ya bure iitwayo Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka wa 2007. Mtoto anapanga amri kama matofali, na anaweza kuitumia kwa Kiswahili. Kama shule yenu ilipata tableti za mpango wa serikali ulioanza mwaka wa 2016, mwendeeni mwalimu mkuu kwa heshima mkaulize zinavyotumika. Baada ya hapo tu ndipo mzungumzie kununua kifaa kama micro:bit, kibao kidogo chenye taa 25 na vitufe viwili, kinachoweza kuhisi joto na mwanga.

Ukija kuuziwa, uliza hivi: Nani atafundisha akiondoka muuzaji? Kikiharibika, vipuri viko wapi? Watoto wangapi watakigusa kwa mikono yao? Kama hakuna jibu, pesa za mzunguko zibaki kwenye sanduku.

ANGALIENI: Mabomba ya sindano yawe mapya kutoka duka la dawa, kamwe yasiokotwe. Watoto wasiguse umeme wa nyumba, wala wasifungue betri za simu, maana hulipuka moto. Betri ndogo za saa ziwe mbali na wadogo, zikimezwa zinaunguza ndani. Na wakati wote wawepo watu wazima wawili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mashine gani kijijini kwetu inayohisi na kuamua yenyewe?
2. Ni watoto gani wa hapa wataachwa nje tusipopanga vizuri?
3. Ni fundi gani tunaweza kumwomba saa moja kwa wiki?
4. Ni shida gani ya hapa, ya samaki, maji au kuku, tungetaka watoto waifikirie?

KAZI: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja acheze mchezo wa mtumbwi na watoto watano wa jirani, wasichana wakiwemo. Aje na karatasi ya amri walizoandika, pamoja na zile zilizokosea.