Hukumu ya Baba Juu ya Video za Michezo

Mtoto ni amana, na mwenye kuwekwa amana huulizwa. Zamani baba alijua mwanawe yuko baraza gani na anaongea na nani. Zama hizi mtoto huketi ukumbini mwa nyumba yao, mbele ya macho ya mama yake, na huku yuko katika baraza ya mtu asiyejulikana na yeyote nyumbani humo. Mtu huyo huonekana katika simu akicheza michezo ya kompyuta na kusema maneno yake, na watoto kwa maelfu humsikiliza. Hizo ndizo chaneli za gemu, na nyingi zimo katika YouTube, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 2005.

Wazee katika jambo hili wamegawanyika mafungu mawili. Wako wasemao, "Ni mchezo tu," wakaacha kila kitu. Na wako wasemao, "Ni upuuzi mtupu," wakakataza kila kitu. Mafungu yote mawili yamehukumu bila ya kutazama. Na kadhi akataye shauri kabla ya kusikia mashahidi amekosa, hata kama hukumu yake imesadifu haki.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: mchezo ni kitu kimoja, na mwenye kuuonyesha ni kitu cha pili. Huko Ulaya tangu mwaka 2003 michezo hupewa alama za umri ziitwazo PEGI, nazo ni 3, 7, 12, 16 na 18. Minecraft, mchezo wa kuchimba na kujenga uliotolewa kamili na kampuni ya Mojang ya Sweden mwaka 2011, una alama ya 7. Grand Theft Auto V, wa mwaka 2013, uliojaa uuaji na wizi, una alama ya 18. Alama hiyo yamtosha baba kumzuilia mtoto mdogo video za mchezo huo wa pili. Lakini alama ya 7 haimtoshi kuruhusu kila video ya ule wa kwanza. Kwani alama imepima mchezo, haikupima ulimi wa auonyeshaye. Watu wawili hujenga nyumba katika mchezo ule ule: mmoja hueleza kwa upole namna ya kutia msingi na kuezeka, na mwenziwe hutukana kila ashindwapo. Nyumba itabaki simuni. Maneno mtoto atakwenda nayo chuoni.

Jambo la pili, baba atazame mwenye chaneli anauza nini. Wachezaji wawili mashuhuri wa YouTube walionyesha video wakishinda katika mtandao uitwao CSGO Lotto, ambamo watu waliwekeana dau la mapambo ya silaha za mchezo wa Counter-Strike, nayo ni mapambo yenye thamani ya fedha. Hawakuwadhihirishia watazamaji kwamba mtandao ule ni mali yao wenyewe, mpaka khabari ikafunuka mwaka 2016. Mwaka 2017 shauri lao na serikali ya Marekani likaisha kwa kuamrishwa wadhihirishe maslahi yao kila watangazapo kitu. Hiyo ilikuwa kamari, ijapokuwa kete zake ni picha. Na mlangoni hapakuandikwa kamari.

Jambo la tatu ni kifuatacho. YouTube ikimaliza video moja huweza kuleta nyingine yenyewe, wala baba hakuichagua. Tangu mwaka 2015 iko programu ya YouTube Kids, na baba aweza kuiweka ionyeshe zile tu alizozikubali. Tena tangu mwaka 2020 kila mwenye chaneli hulazimika kutamka kama video yake ni ya watoto, baada ya Google na YouTube kukubali kulipa dola milioni 170 mwaka 2019 kwa shtaka la kukusanya khabari za watoto bila ya idhini ya wazee wao. Tamko hilo lafaa, lakini hutoka kwa mwenye chaneli, na mwuzaji hashuhudii aibu ya bidhaa yake.

Basi yampasa baba aketi na mwanawe, atazame video tatu za chaneli moja, kongwe na mpya, mwanzo hata mwisho. Na kusikiliza kuzidi kutazama. Kisha amwulize: "Mtu huyu akikasirika husemaje? Ataka ununue nini?" Majibu ya mtoto ni mashahidi. Akikataza, aeleze sababu. Kwani katazo lisilo na sababu humfundisha mtoto kuificha simu. Akiruhusu, aweke kiasi. Kwani hata iliyo njema, ikimpitishia mtoto adhana asiisikie, imekwisha kuwa mbaya.

Saa moja ya baba kukaa kitako ni nzito. Lakini asiyeitoa saa hiyo amemkabidhi mgeni amana asiyoitunza mwenyewe.

Wabillahi tawfiki.