Kuchagua Kitabu cha Mbinu za Hisabati

Mwanafunzi aingiapo chuo kikuu kusomea fizikia au uhandisi hukutana mapema na somo la mbinu za hisabati. Somo hili hukusanya pamoja mifululizo, namba changamano, matriki, vekta, milinganyo ya tofautisho na uchambuzi wa Fourier, ili zitumike zaidi kuliko kuthibitishwa. Kwa kawaida mhadhiri hutaja kitabu kimoja cha kiada. Ikiwa kitabu hicho hakipatikani, au hakieleweki, kingine kichaguliwe kwa kipimo gani?

Kwanza, kitazamwe kiliandikiwa nani. Kitabu cha Mary Boas na kile cha George Arfken vilitoka mwaka mmoja, 1966, na vichwa vyake vyakaribiana. Lakini cha Boas chamtaka msomaji awe na msingi wa kalkulasi tu, hali cha Arfken kiliandikiwa wanafunzi waliokwisha piga hatua. Anayeanza na Arfken huenda akadhani kosa ni lake. Kitabu cha Riley, Hobson na Bence, kilichotoka mwaka 1998, ni kinene mno kubeba, bali kwa anayejisomea peke yake ni msaada mkubwa: toleo la tatu la mwaka 2006 latoa vidokezo na majibu ya mazoezi ya namba witiri.

Jambo la pili husahauliwa sana, nalo hupoteza maksi. Waandishi hawakubaliani katika alama. Chukua chaguo la kukokotoa lenye thamani 1 pale x ilipo kati ya -1 na 1, na 0 kwingineko. Kwa kanuni ya Boas, mgeuzo wake wa Fourier ni sin a/(πa). Kwa kanuni ya Arfken ni √(2/π) · sin a/a, yaani takriban mara 2.51 ya jibu la kwanza. Yote mawili ni sahihi. Katika kwenda na kurudi, zao la vigawe viwili lazima liwe 1/(2π): Boas aliweka kigawe chote upande wa kwenda, Arfken alikigawa sawasawa pande zote mbili, kila upande 1/√(2π). Mwanafunzi achukuaye mgeuzo katika kitabu kimoja na kinyume chake katika kingine atapata jibu lisilo sahihi, na hataona alipokosea. Hali ni hiyo hiyo kwa pembe θ na φ katika majira ya tufe, ambazo vitabu vingi vya kalkulasi huzibadilishana.

Toleo la zamani lisidharauliwe. Nambari za mazoezi huenda zikatofautiana, na hiyo ni kero wakati wa kazi za nyumbani, lakini mfululizo wa Taylor haujabadilika.

Kabla ya kununua au kuazima, ichaguliwe mada moja iliyomshinda msomaji, isomwe katika vitabu viwili, kisha yafanywe mazoezi matatu pasipo kutazama mifano.